Nafasi ya Vidole Vinne

Fundi alikuwa na kazi ya kukataa kuuza baiskeli, na mara mojamoja, ukishamchosha kabisa, anakuuzia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimweleza kwa watu, na watu wakicheka, maana kutania ni kazi pekee ninayoiweza bila kutoka nyumbani.

Banda lake lilikuwa Kilosa mjini, njia ya kutoka sokoni kwenda stesheni: mabati machache, baiskeli nne tano zinaning'inia, na nguzo moja ya mninga iliyochorwa mistari ya rangi nyeupe kuanzia usawa wa goti hadi kifuani. Mbele yake walipaki vijana wa bodaboda. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na meza ya mama anayeuza mboga, na hapo ndipo nilipomjulia Fundi, miaka mingi kabla hajanijua mimi. Nilikuwa nikinunua mchicha taratibu kuliko inavyohitajika, ili nisikilize anavyowafukuza wateja.

Mtu anakuja na hela zake mfukoni, ananyoosha kidole kwenye baiskeli iliyomvutia. "Shikamoo, Fundi. Ile pale nyekundu vipi?"

"Marahaba. Njia yako ikoje?"

Hakuwa anaanza na bei, wala na rangi. Alitaka uisimulie njia yako kuanzia mlangoni kwako: mchanga uko wapi, mawe yako wapi, wapi unashuka na kukokota, wapi unakutana na ng'ombe wa wafugaji wanaokwenda kunywa maji. Ukimjibu "njia ya kawaida tu", anarudi kwenye spoki zake kama vile umeshaondoka.

Nakumbuka mkata miwa aliyetoka Ruaha kwa basi.

"Njia yangu ni ya miwa, Fundi. Miwa kulia, miwa kushoto."

"Na chini?"

"Chini sijaangalia."

"Basi nenda kaangalie."

Sisi tuliokuwa kwenye mchicha tulijua huyo harudi. Baada ya wiki alirudi, kabeba muwa mmoja wa zawadi, na akaieleza njia yake shimo kwa shimo. Akapata baiskeli. Yule mama wa mboga akanitazama, akasema, "Ningekuwa mimi ningemtukana." Nikamwambia ningemtukana pia, ila nyumbani, kwa sauti ya chini.

Baada ya njia kulikuja mzigo. Fundi hakukubali kuambiwa mzigo, alitaka auone. Watu walileta madebe ya mahindi, makreti, mashine za kupulizia dawa. Mzee mmoja alimleta mkewe.

"Kwa hiyo mimi ni mzigo?" mama akauliza.

"Kwa baiskeli ndiyo, mama yangu," Fundi akasema. "Nyumbani mtajuana wenyewe."

Halafu ndiyo kupimwa. Unavaa viatu vyako vya siku zote, vya kanisani alivikataa. Unaegemea nguzo, anapandisha kibao kati ya miguu mpaka kinagoma, anapiga alama. Kisha unasimama katikati ya baiskeli, miguu yote chini, naye anaingiza vidole vyake kati yako na bomba la juu. Hapo ndipo alipokuwa mkali kama daktari. "Lami ya Mikumi vidole viwili vinatosha," alisema, "kule unashuka unapotaka. Huku kwetu vinne, kwa sababu huku hushuki, unashushwa." Akimaliza vidole anapima kisigino kwenye pedali, mguu unyooke bila kujivuta, halafu kiwiko kwenye pua ya siti, uone vidole vyako vinaukaribia usukani kiasi gani. Wanawake walipimwa kwa mama fundi cherehani, banda la pili, nyuma ya pazia, na yule mama akipaza sauti kutaja namba tu. Zote ziliandikwa kwenye daftari kubwa, kila mtu ukurasa wake: mguu, mkono, mzigo, na njia yake kwa maneno aliyoyasema mwenyewe.

Sheria moja haikuwa na mlango wa nyuma: atakayepanda ndiye anayepimwa. Hakupokea wajumbe. Mume hampimii mke, baba hampimii mwana, na simu haipimi mtu.

Jambo lililowashinda watu ni kwamba yeye mwenyewe hakupanda. Jioni ulimwona anakwenda kwao na baiskeli ya mteja, anaikokota, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Aliniambia baadaye kwamba ukiipanda unajisikia wewe, ukiikokota unaisikia yenyewe. Nilimuuliza kama ni kweli au ni magoti. Akasema magoti pia.

Alizisema pikipiki vibaya mchana kutwa, na mchana kutwa alizijaza upepo bure. Watu aliwafokea, ringi alizibembeleza kwa Kikaguru. Akinyoosha ringi aliimba wimbo wa kanisani wa huko kwao milimani, wa shule za misheni, polepole. Wimbo ukiisha ringi haijanyooka, anarudia kuanzia ubeti wa kwanza. Kuna ringi zilizomaliza ibada nzima.

Sasa niseme yangu, nimeyazungukia vya kutosha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayakumuudhi mtu wala kumfurahisha. Nafuga kuku, nauza sabuni na vocha dirishani, napika. Mke wangu, Mama Rehema, ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo mbali na mji, kwenye njia ambayo pikipiki zenyewe huiendea kwa manung'uniko. Mpango huu tuliupanga wawili na unatufaa. Aibu yangu haikuwa ndani ya nyumba, ilikuwa inanisubiri barabarani.

Mama Rehema aliponiambia anataka baiskeli, nilimsifia Fundi kama vile ni mjomba wangu. Akanituma nimuulize aende siku gani kupimwa. Swali dogo namna hiyo. Nikalibeba pamoja na kapu la sokoni, nikapita kwa mama wa mboga, kisha kwa mara ya kwanza nikavuka barabara.

Vijana wa bodaboda hawakunijua. Waliona tu mwanamume mrefu mwenye kapu, na mchicha umechungulia.

"Kaka, kapu la shemeji hilo au lako?" mmoja akauliza.

"Muache, katumwa," mwingine akajibu. "Anachukua baiskeli ya mama. Mama akanyage pedali, baba asonge ugali."

Wakacheka. Desturi yangu ni kucheka kabla yao, ndivyo ninavyojikinga. Siku ile nilichelewa.

Fundi akainua macho. "Ya nani?"

"Ya kwangu," nikasema.

"Bomba la juu la kunyooka au la kuinama?"

Nikawaza magauni ya mke wangu. "La kuinama."

"Na sketi utavaa ya rangi gani?" yule kijana akadakia.

"Natania," nikasema haraka. "La kunyooka, Fundi."

Treni ikawa imeingia. Vijana wakawasha pikipiki, wakakimbilia abiria, tukabaki wawili. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, bila shahidi, bila gharama. Fundi akauliza, "Njia yako ikoje?" na mimi, badala ya kusema kweli, nikaisimulia njia ya mke wangu.

Niliisimulia vizuri. Kila jioni akirudi hunipa habari zake akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji, kwa hiyo niliijua njia ile kuliko watu wanaoipita. Nikamwambia mchanga wa korongo, ambapo tairi huzama ghafla. Nikamwambia mawe ya kilimani, udongo mweusi wa masika unaojaza matairi hadi yanagoma kuzunguka, na kijidaraja cha magogo mawili. Fundi aliweka spana chini.

"Huyu anaijua njia yake," akasema, kama anamwambia mtu wa tatu. "Mzigo?"

"Madaftari. Ya darasa zima, wakati mwingine mawili."

"Wewe ni mwalimu?"

Kapu lilikuwa miguuni pangu. "Najitolea," nikasema.

Tangu pale hakuniita jina lingine, nikawa Mwalimu. Alinipima kwa heshima, vidole vinne barabara, akafunga keria ya chuma nene aliyokuwa ameiweka akiba, akisema watoto wa watu wasije wakakosa madaftari yao. Nami ni mrefu. Mke wangu ananifika begani.

Nyumbani nilimwambia Mama Rehema kwamba Fundi amekataa kumsumbua. Kwa mwalimu, nikasema, jicho lake linatosha, nimemweleza urefu wako akakadiria. Aliitazama ile baiskeli kwa muda.

"Baba Rehema, hii si ndefu?"

"Fundi ndiye kasema. Unabishana na Fundi?"

Nikaishusha siti mpaka chini kabisa, akavaa suruali ndani ya gauni, akaenda. Alijifunza kupandia jiwe na kushukia jiwe. Kwa wiki kadhaa alienda na kurudi, na mimi nikajiambia kwamba mwili wa binadamu huzoea.

Korongoni tairi lilizama ghafla, kama nilivyomsimulia Fundi. Alitaka kushusha mguu, mguu haukufika chini. Akaangukia mkono wa kulia, baiskeli na madaftari juu yake. Kiwiko kikavunjika.

Hospitali muuguzi akauliza imekuwaje. Mke wangu akajibu kwa uchungu, "Ni yule fundi wa njia ya stesheni. Anawapima watu kwa macho." Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika mkoba wake. Niliusogeza kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na huo ndio mchango wangu katika mazungumzo yale.

Aliyarudia maneno yale shuleni, na kwa kila aliyekuja kumpa pole, nami nikiwapikia chai. Walimu wakawaambia wauguzi, wauguzi wakawaambia mabwana shamba. Wale ndio waliokuwa wateja wa Fundi, watu wa kazi za mbali. Nyumbani niliifunika baiskeli kwa magunia stoo, nikawaambia kuku wasipande juu yake.

Mtu mwenye akili angeacha kwenda bandani. Mimi ndipo nilipozidisha. Nilikuwa nakwenda kila siku ya soko, nakaa kwenye benchi lake, nawachekesha vijana wa bodaboda, ambao sasa waliniita Mwalimu wa Vichekesho. Nadhani nilitaka kuhakikisha hajui.

Siku moja akaniuliza, akiwa ameshika daftari lake.

"Mwalimu, kuna mwalimu mwenzako, mwanamke. Wanasema kaanguka na baiskeli yangu, kubwa kuliko yeye. Unamfahamu?"

"Simfahamu, Fundi."

"Nimepekua humu ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mwanamke niliyempa fremu kubwa hivyo."

"Labda maneno ya watu tu."

"Mkono umevunjika, siyo maneno." Akalifunga daftari. "Yako inasemaje?"

"Inakusalimia."

Vijana wakacheka. Naye akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Alichokitafuta baada ya hapo sikukielewa mapema. Alianza kumuuliza mama fundi cherehani kama anamkumbuka mwanamke mfupi, mwalimu. Alianza kuwapima watu mara mbili, kisha mara tatu, anaandika, anafuta. Wimbo wa ringi ukawa unakatika katikati, anauliza, "Nilikuwa ubeti wa ngapi?" Vijana wakampa jina, Pima Twiga, wakalisema akiwa anawajazia upepo. Na mimi nikatania, naomba mnielewe, nikatania pamoja nao. Nilisema twiga wa Mikumi wamesikia, wanakuja kupimwa wote.

Hayo yalikwenda kama miaka miwili. Kisha siku moja ya soko nikafika, nikakuta bwana mmoja ameisimamia baiskeli nyekundu na bomba limemgusa kabisa, hata kidole kimoja hakipiti.

"Chukua," Fundi akamwambia.

Hakumuuliza njia. Nikaitazama nguzo. Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu kuanzia chini hadi juu, na mistari imepotea.

"Fundi, mbona hujampima?"

Alijibu taratibu, akifuta mikono. "Mwalimu, nilimpima mtu nikamsahau. Sikumwandika, sura yake siikumbuki, yule mama wa cherehani naye hamkumbuki. Marehemu baba alianza hivihivi, kusahau watu, mwisho akatusahau na sisi. Nimemwambia mama watoto tukivuna mahindi tunarudi kwetu Lumuma. Mtu asiyejikumbuka asishike breki za watu."

Nilikwenda nyumbani na kapu tupu. Sikununua hata mchicha.

Mama Rehema alikuwa uani anasahihisha madaftari. Nikamwambia yote, kuanzia kapu hadi Lumuma. Sikuweka mzaha hata mmoja, na kwa sababu hiyo alijua ni kweli. Alimaliza daftari alilokuwa nalo, akaweka alama za vema na mkasi, akalifunga.

"Kwa hiyo miaka miwili hii namtukana mzee wa watu."

"Ndiyo."

"Na wewe unatuletea chai."

Jumamosi asubuhi aliniambia nivae viatu.

Tulimkuta Fundi amekaa, hashiki kitu. Vijana walikuwepo karibu wote. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasimama pale nilipozoea kusimama ninapochekesha, nikasema, "Fundi, yule mwalimu aliyeanguka hukumpima. Ulinipima mimi. Nilikudanganya kwamba baiskeli ni yangu. Mimi si mwalimu, mimi nakaa nyumbani napika."

Vijana wakapasuka kwa kicheko. Mmoja alijishikilia kwenye pikipiki. "Mwalimu wa Vichekesho leo katoa mpya!"

Nikarudia. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nikamgeukia Fundi, nikaona ananitazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Nimekusikia," akasema. "Wewe una moyo mzuri. Lakini usinionee huruma, Mwalimu."

"Mwalimu ni mimi," mke wangu akasema.

Akasogea hadi kwenye nguzo ya bluu, akaiegemea. Mama fundi cherehani akatoka mbio kwake na pazia mkononi, "Njoo huku ndani, mwanangu, njoo," lakini Mama Rehema akatikisa kichwa. Baadhi ya wale vijana alikuwa amewafundisha kusoma. "Nilimsema hadharani, nitapimwa hadharani. Shikamoo, baba. Njia yangu ina korongo la mchanga." Akaisimulia, mawe, udongo mweusi, magogo mawili, kwa maneno yaleyale, kwa sababu yalikuwa maneno yake tangu mwanzo.

Vijana hawakucheka tena. Fundi aliomba daftari, akaufungua ukurasa wangu, akafuata maandishi kwa kidole huku mke wangu akiongea. Njia ilipokwisha, kidole nacho kilikuwa kimefika mwisho wa ukurasa. Akabaki amekishikilia pale. Nilimwona anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua dumu la maji kichwani, kisha uso wake ukabadilika, akanigeukia.

"Siku nilipokuuliza kama unamfahamu, ulikuwa unawaza nini?"

Nilitafuta jibu la maana. Sikulipata, nikampa la kweli.

"Nilikuwa nimeacha maharage jikoni."

Akatikisa kichwa taratibu. Sikusamehewa wala sikufukuzwa. Aliniambia tu nisogee, nimemzibia mwanga. Nikasogea hadi barabarani, upande wa vijana, na kijana aliyekuwa karibu nami akaisogeza pikipiki yake mbali kidogo.

Pale nguzoni yule mama wa cherehani alikishika kile kibao cha kupimia badala ya Fundi, akapaza namba, Fundi akaandika. Kisha akamletea mke wangu baiskeli ndogo yenye bomba la kuinama, akamwambia aweke kiwiko kwenye pua ya siti, anyooshe mkono kuelekea usukani. Mama Rehema akanyoosha. Mkono ukasimama katikati.

"Nyoosha mpaka mwisho, mwalimu."

"Hapo ndipo mwisho wake, baba. Tangu siku ile haunyooki."

Mimi ninayempokea mkoba kila jioni, ninayempakulia chakula kila siku, sikuwa najua. Nilisimama barabarani nikihesabu vitu ambavyo kumbe alikuwa akivishika kwa mkono wa kushoto: beseni, sufuria, mlango wa uani.

Fundi aliushika ule mkono, akaukunja na kuukunjua kwa uangalifu aliokuwa nao kwa ringi peke yake, hadi alipoona unapogomea.

"Basi usukani ndio utakaokuja," akasema, na akainama kutafuta spana.